Video imelala ubavu? Igeuze kabla hujaituma, na simu uishike hivi isijirudie

Kila msimu wa mahafali na harusi naletewa video za namna hiihii, mtoto anapokea cheti ila kalala ubavu, ukuta uko chini, sakafu iko pembeni, na video yenyewe ishatumwa kwenye grupu la ukoo, kila mtu anainamisha shingo kuitazama. Inaniuma kwa sababu tukio lenyewe halirudiwi tena na kuiweka sawa ilikuwa kazi ya dakika chache tu kabla ya kubonyeza kutuma.

Ikishatoka ndo kazi. WhatsApp inakupa siku mbili na kidogo kufuta ujumbe kwa wote, lakini aliyeshaihifadhi anayo, na aliyeisambaza kwenye magrupu mengine kashaisambaza. YouTube hairuhusu kabisa kubadilisha faili ukabaki na linki ileile, inabidi upandishe upya, linki mpya, watazamaji unaanza sifuri na komenti zote zinabaki kule kwenye ile ya zamani. Afu kuna suala la bando. iPhone yenyewe kwenye mipangilio ya kamera inakuandikia kwamba dakika moja ya 1080p (kipimo cha ukubwa wa picha) kwa fremu 30, yaani picha 30 kila sekunde, ni kama MB 60, na ukichagua ule mfumo wa zamani unaosomeka karibu kila kifaa ni kama MB 130, kwa hiyo video ya dakika kumi kuipandisha mara mbili sio jambo dogo kwa mtu anayenunua bando la siku.

Kwa hiyo naandika hapa jinsi ya kuitibu na jinsi ya kuzuia, ila naomba kwanza usome kidogo kwanini inatokea, maana ukijua sababu hutahangaika na apu kumi za matangazo.

Kwanini inageuka

Iko hivi. Ndani ya simu nyingi kile kipande kinachopokea picha kimewekwa kikafuata urefu wa simu na hakizunguki. Ukishika simu wima, picha zinazoingia kwenye faili bado ni zilezile za vidoti 1920 kwa 1080, pana, zimelala. Kinachofanya uione imesimama ni maelezo mafupi ambayo simu inayaandika ndani ya faili la MP4 au MOV, kwamba ukinicheza nizungushe nyuzi 90. Ni kama boksi la friji lililoandikwa UPANDE HUU JUU, anayesoma analiweka sawa, asiyesoma analigeuza, na boksi lenyewe halijabadilika chochote. Hayo maelezo kuanzia hapa nitayaita lebo.

Sasa matatizo yanakuja kwa njia mbili na ni muhimu ujue lako ni lipi.

Njia ya kwanza, lebo imeandikwa vibaya tangu unarekodi. Simu inajua imekaaje kwa kupima mvutano wa dunia, yaani chini ni upande gani, na inaamua mara moja tu pale unapobonyeza kitufe chekundu. Baada ya hapo hata uigeuze mara ngapi lebo inabaki ileile mpaka video iishe, maana faili ni moja na lebo ni moja. Wale mnaotumia kitufe cha kusimamisha kidogo afu mnaendelea, hiyo nayo haisaidii, ni faili lilelile. Kwa hiyo mtu anatoa simu kwenye pochi kwa haraka kwa sababu bibi harusi anaingia, anabonyeza mkono ukiwa bado unapanda, simu inaamua kulingana na pale ilipokuwa imekaa nusu nusu, na basi, dakika nane zote zimelala.

Na kuna hii ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Ukielekeza kamera chini moja kwa moja, kama unarekodi sufuria jikoni, au risiti mezani, au gauni umelitandika kitandani unataka kuliuza, mvutano unapita mgongoni mwa simu moja kwa moja, hakuna upande wowote ulio chini zaidi ya mwingine, kwa hiyo simu haina namna ya kujua, inabaki na jibu la mwisho ililokuwa nalo. Ndo maana kina dada wa mapishi na wauza nguo wa mtandaoni video zao zinaongoza kwa kulala, sio kwamba hawajui kushika simu.

Njia ya pili, lebo iko sahihi ila kinachocheza video hakiisomi. Kwenye simu inaonekana vizuri, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, vizuri, lakini ukiitia kwenye flashi ukachomeka kwenye TV ya sebuleni, au redio ya gari yenye skrini, au ile TV ya ukumbini ambayo MC anataka kuonyesha video ya bwana na bibi harusi utotoni, inalala. Au imepitia kwenye programu ya zamani ya kuediti iliyotupa lebo njiani ikaacha picha kama zilivyo.

Kujua ni ipi ni rahisi. Funga ule mzunguko wa skrini wa simu yako kwanza ili usikuchanganye, shika simu wima, fungua video kwenye galari ya simu ileile iliyorekodi. Kama imelala hapohapo, ni njia ya kwanza. Kama hapo iko sawa na inalala kwingine tu, ni njia ya pili, na hiyo usiizungushe kwenye galari, utaiharibu iliyokuwa nzima! Shuka moja kwa moja kwenye kipande cha TV huko chini.

Kutibu kwenye simu

Mwenye iPhone hahitaji kushusha apu yoyote. Tangu iOS 13 iliyotoka 2019, apu ya Photos inageuza video. Fungua video, gusa Edit, nenda kwenye alama ya kukata picha, ile ya kijisanduku chenye vimishale, utaona juu pembeni kijisanduku kingine chenye mshale unaozunguka, gusa mpaka isimame sawa, maliza na Done. Kizuri cha hapa ni kwamba ukikosea unarudi Edit unagusa Revert na video inarudi ilivyokuwa, ya mwanzo haijapotea.

Android inategemea simu. Samsung kwenye galari yao kuna penseli chini ya video, ukiigusa utaona alama ya kuzungusha, na wakati wa kuhifadhi nenda kwenye vile vidoti vitatu uhifadhi kama nakala, usiandike juu ya ile ya asili. Simu nyingine kama galari yake haina hicho kitu basi tumia Google Photos, ambayo kwenye Android nyingi tayari ipo, fungua video, Edit, Crop, afu ile alama ya kuzungusha, na ukihifadhi inakutengenezea nakala pembeni. Majina ya vitufe na mahali vilipo yanahamahama kila wakisasisha apu, kwa hiyo usitafute neno, tafuta mshale unaozunguka.

Kuzungusha upande gani? Angalia vichwa vya watu. Vikiwa vimeelekea kulia, video inataka kuzungushwa kwenda kushoto mara moja. Vikiwa kushoto, inazungushwa kulia. Kichwa chini miguu juu ni mara mbili, upande wowote. Naandika hivi kwa sababu kitufe cha galari nyingi kinazunguka upande mmoja tu, watu wanagusa mara moja wanaona imepinduka kichwa chini wanadhani apu mbovu, kumbe ni kuendelea kugusa.

Mkitumia CapCut au InShot kuna mtego mmoja na huu nauona kila siku kwenye status za watu. Unaingiza video iliyolala, apu inatengeneza fremu ya kazi, yaani umbo la video itakayotoka, kwa kufuata umbo la hiyo klipu, pana. Unaigusa klipu, unazungusha, watu wanasimama vizuri kabisa, unafurahi, unahifadhi. Lakini fremu imebaki pana, kwa hiyo video yako imekuwa kijimstari chembamba katikati na weusi kulia na kushoto, afu ukiipandisha TikTok wanaongeza weusi mwingine juu na chini, mwisho wa siku sura ya mtu ni ndogo kuliko kidole. Ukishazungusha lazima ubadilishe na fremu. CapCut ni ile sehemu ya uwiano wa video, chagua 9:16 kwa video ya wima au 16:9 kwa ya mlalo, InShot kitufe chake kinaitwa Canvas. Kisha vuta klipu kwa vidole viwili mpaka ijae fremu. Ukivuta vizuri inajaa kamili bila kukatwa kitu, maana 16:9 ikigeuzwa ndo 9:16 yenyewe.

Ukihifadhi chagua ukubwa uleule wa asili. Kama ulirekodi 1080p kwa fremu 30, toa 1080p kwa fremu 30. Kupandisha kuwa 4K hakuongezi ubora, kunaongeza MB tu.

Video iliyogeuzwa katikati, yaani alianza wima akakumbuka baadaye kwamba anatakiwa alaze simu, hiyo galari haiwezi kukusaidia maana inazungusha yote. Hapo ndo CapCut au InShot wana kazi. Sogeza mpaka pale simu inapoanza kugeuka, kata, sogeza mbele pale ilipotulia, kata tena, kile kipande cha katikati ambacho dunia inazunguka kifute, watu hawahitaji kukiona. Afu kipande cha pili kizungushe peke yake. Utaamua mwenyewe fremu iwe ipi, mi naangalia ni kipande gani kina tukio lenyewe, hicho ndo kinapewa fremu, kile kingine kinakubali kuwa na weusi pembeni. Kama sauti ni muhimu, mfano hotuba au wimbo wa kwaya, usifute kipande cha katikati, kifunike na picha ya ukumbi au watu walioko pale ili sauti isikatike.

Na tafadhali, zile tovuti za geuza video yako bure hapa, kwa video za familia msizitumie. Unapandisha video ya mtoto wako au ya msiba kwenye kompyuta ya mtu humjui, unatumia bando kupandisha na bando kushusha, kwa kitu ambacho simu yako inafanya yenyewe bila intaneti. Nyingine zinakurudishia na chapa yao katikati ya picha.

Kwenye kompyuta

Mac ni rahisi mno. Fungua kwa QuickTime Player, menyu ya Edit, Rotate Left au Rotate Right, hifadhi. Basi.

Windows 11 inakuja na Clipchamp, unaweka video, unaiburuta kwenye mstari wa kazi, unaigusa, kitufe cha kuzungusha kinatokea, na hapa pia kumbuka kubadilisha umbo la fremu kama nilivyosema kwa CapCut. Wale bado mnaotafuta Windows Movie Maker, Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017, na zile zinazozagaa kwenye tovuti zisizoeleweka naomba msiziweke kwenye mashine zenu.

VLC naitaja kwa sababu inapoteza watu. Ukienda Tools, Effects and Filters, Video Effects, Geometry, ukatia tiki Transform, kweli video inageuka mbele ya macho yako. Lakini VLC imekugeuzia wewe tu kwa kutazama, faili halijaguswa. Mtu anafunga anaituma anaambiwa bado imelala, anarudi kwenye VLC anaona iko sawa, anabishana na watu wazima. VLC itumie kuangalia na sio kutibu.

Programu ninayoipenda kwa kazi hii kwenye kompyuta ni HandBrake, ni ya bure, iko kwa Windows, Mac na Linux. Unafungua video, unaenda sehemu ya Dimensions, pale kuna Rotation, unachagua nyuzi, unaanza. Inaandika video upya ikiwa imesimama kweli kweli, haitegemei tena lebo. Hii ndo inatupeleka kwenye TV.

Video ya TV, ukumbini na kanisani

Hapa shida sio upande, shida ni kwamba kifaa hakisomi lebo. Dawa ni kuzipika picha zenyewe zisimame ndani ya faili ili lebo isihitajike. Ukiipitisha HandBrake bila hata kugusa sehemu ya kuzungusha, yenyewe inasoma lebo, inazigeuza picha, inatoa faili ambalo TV yoyote inayosoma MP4 italicheza sawa. CapCut nayo ukiingiza klipu na ukatoa tu bila kufanya chochote, kinachotoka kimeshapikwa.

Kwa wanaoweza kuandika amri, FFmpeg, programu ya kushughulikia video kwa amri za maandishi, ndo mfalme, na hata kama huna kompyuta unaweza kuiweka kwenye Android kupitia Termux, apu ya kuandikia amri, andika pkg install ffmpeg, na ile amri ya termux-setup-storage ili ione mafaili yako. Kupika lebo ni amri fupi kabisa:

ffmpeg -i harusi.mp4 harusi_tv.mp4

Hiyo tu, maana FFmpeg ikiandika video upya inafuata lebo yenyewe. Kama video imelala tangu galarini na unataka kuzungusha kulia nyuzi 90:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf transpose=1 -c:a copy harusi_sawa.mp4

Kwenda kushoto weka transpose=2, na kichwa chini weka hflip,vflip mahali pa transpose=1. Hiyo c:a copy maana yake sauti usiiguse, ibaki ilivyo.

Kuna njia nyingine ambayo haipiki chochote, inabadilisha lebo tu, na kwa video ya saa nzima ya sherehe hii ni mkombozi maana inaisha haraka mno na ubora haupungui hata chembe:

ffmpeg -display_rotation 90 -i harusi.mp4 -c copy harusi_lebo.mp4

Inataka FFmpeg ya karibuni, kuanzia toleo la 6. Namba inahesabiwa kwenda kushoto na inafuta lebo ya zamani badala ya kuongezea juu yake, kwa hiyo usiumize kichwa kupiga hesabu, jaribu 0, 90, 180 na 270 uone ipi inasimama. Ila kumbuka hii ni lebo tu, nzuri kwa simu na mitandao, kwa TV ya ukumbini rudi kwenye kupika.

Kama una video nyingi za siku moja zilizolala upande mmoja, usikae kuzifanya mojamoja:

for f in *.mp4; do ffmpeg -i "$f" -vf transpose=1 -c:a copy "sawa_$f"; done

Unaenda kunywa chai unarudi zimesimama zote, na za asili bado zipo.

Imegeuka kama kwenye kioo

Hii sio kulala lakini naulizwa pamoja. Umejirekodi kwa kamera ya mbele, uko wima vizuri, ila maandishi ya tisheti au ya bango la nyuma yanasomeka kinyume. Hapo kuzungusha hakusaidii, unatakiwa kupindua kulia iwe kushoto, kwenye CapCut na InShot ni kitufe cha Mirror au Flip, kwenye FFmpeg ni hflip peke yake. Kwa anayeuza bidhaa na anaonyesha namba ya simu au jina la duka kwenye video hili ni la kwanza kuangalia kabla ya yote. Kwenye mipangilio ya kamera ya simu nyingi kuna sehemu ya kuwasha na kuzima hiyo hali ya kioo, izime uishi kwa amani.

Kuzuia

Sasa hii ndo sehemu ninayotaka uichukue hata kama yote ya juu umeyaruka.

Fungua kamera, weka simu unavyotaka iwe, wima au mlalo, afu tulia kidogo kabla ya kubonyeza. Angalia vialama vya kamera, kile cha mwanga, cha mipangilio, namba za muda. Kwenye kamera za simu nyingi hivyo vialama vinageuka kufuata simu. Vikiwa vimesimama sawa machoni pako, simu imejua ilivyokaa, bonyeza. Vikiwa vimelala, simu bado haijajua, usibonyeze, inua simu iwe wima kabisa sekunde moja afu irudishe, vitageuka. Ni kitendo kidogo sana na ndicho kinachookoa sherehe nzima.

Ukirekodi kitu kilicho chini, chakula, fundi anafungua simu, mtoto anaandika daftarini, anza na simu ikiwa imesimama mbele yako, hakikisha vialama viko sawa, bonyeza kurekodi, ndipo uinamishe kamera kuelekea chini. Zile sekunde mbili za mwanzo unazikata baadaye. Kama simu iko kwenye stendi juu ya meza na haiwezi kusimamishwa, basi iinamishe kidogo tu, isiwe imeangalia chini kabisa, ule mwinamo mdogo unaitosha kujua chini ni wapi.

Ukilaza simu, ilaze upande huu: kichwa cha simu, kule kwenye kamera ya selfi, kiende mkono wa kushoto, na tundu la chaji liende kulia. Kwenye iPhone na Android nyingi huo ndo mkao ambao picha zinaingia kwenye faili zikiwa sawa tayari, lebo haihitajiki, kwa hiyo hata TV isiyosoma chochote itaonyesha sawa. Ukilaza upande wa pili bado ni sawa kwenye simu, lakini kifaa kisichosoma lebo kitaonyesha kichwa chini miguu juu. Anayerekodi kwa ajili ya ukumbi au kanisa ajizoeze hivi mpaka mkono uende wenyewe.

Ukishaanza usigeuze. Hata ukigundua umekosea mkao. Kama tukio linaruhusu, simamisha kabisa, geuza, anza video mpya, klipu mbili zilizo sawa zinaunganishwa bila tabu. Kama hairuhusu, mfano ndo wanavishana pete, endelea hivyohivyo na mkao ulionao.

Kuhusu wima au mlalo, amua kwa kuangalia video inaenda wapi. Status, TikTok, Reels na Shorts ni wima, 1080 kwa 1920. YouTube ya kawaida na TV ni mlalo. Mtu mmoja anaongea, wima inatosha, kwaya ya watu 30 kwenye jukwaa ilaze simu. Na hapa nasema wazi sipendi ile tabia ya kuchukua video ya mlalo iliyo sawa na kuilaza makusudi ili ijaze status, unawalazimisha watu wote wageuze simu kwa ajili yako, na wengi hawageuzi, wanapita. Ukiikata iwe wima nayo ujue gharama yake, kutoka 1920 kwa 1080 unabaki na upana wa kama 608 tu, yaani karibu theluthi mbili ya picha inaondoka, kwa hiyo kata kama mhusika yuko mmoja na hatembei tembei. La sivyo iache pana na weusi juu na chini, haina ubaya wowote.

Laivu ndo usicheze nayo, mkao uamue kabla ya kubonyeza kwenda hewani, maana wanaokuangalia wanakuona saa hiyohiyo na hakuna galari ya kukuokoa.

Kabla ya kutuma

Usiamini galari ya simu yako peke yake, kwa sababu ndo kifaa kinachosoma lebo vizuri kuliko vyote. Jitumie mwenyewe kwanza. WhatsApp tangu mwishoni mwa 2022 ina sehemu ya kujiandikia mwenyewe, itume huko, ifungue kwenye simu na ikiwezekana kwenye WhatsApp ya kompyuta. YouTube pandisha ikiwa ya siri au ya wenye linki tu, iangalie, ukiridhika ndo uifungue kwa watu wote. Ya ukumbini nenda na flashi mapema ukaijaribu kwenye TV yenyewe kabla wageni hawajaingia, muombe tu fundi wa muziki, wengi wanaelewa.

Na mtu akikutumia video ili umgeuzie, mwambie akutumie kama dokumenti na sio kama video ya kawaida. Ikija kama video WhatsApp inaibana ubora, wewe unaigeuza, unaihifadhi inapungua tena, ukiirudisha inabanwa mara ya tatu, sura za watu zinakuwa ukungu. Kama dokumenti inakuja ilivyo, mpaka GB 2 inapita, unaigeuza mara moja na unaituma kwa watu mara moja. Faili la asili usilifute mpaka waliotumiwa wawe wameifungua wakakuambia wanaiona imesimama.